Kuwafundisha Watoto Kuhepa
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano wa Mwaka, Longonot)



Kamati imetutaka tueleze kwa nini twaomba kiwanja kilicho nyuma ya ofisi kisikodishwe tena kwa malisho, bali waachiwe watoto wa madarasa ya chini. Mzee mmoja ameuliza, na swali lake ni la haki: tangu lini mtoto wa mfugaji akafundishwa kukimbia? Kukimbia hafundishwi. Afundishwalo ni kuhepa.

Watazameni wachezapo. Mpira ukitupwa, wote huuandama kama nyuki, wakagongana vichwa. Muhula uliopita jino la mtoto lilivunjika hivyo hivyo. Aliyeupata mpira, akimwona beki mbele yake, ama humwendea mzima mzima, ama husimama akautupa popote. Mtoto wa miaka sita hajui bado kuyasoma maungo ya mwenzake. Hugeuka mapema mno, na beki akageuka pamoja naye.

Wazee wanazo habari za swala tomi. Duma humshinda mbio, lakini swala akikata kona ghafula, duma hupitiliza kwa nguvu ya mwendo wake mwenyewe. Mtoto naye aongozwe vivyo hivyo, wala asianze na beki. Kwanza azunguke mawe na vijiti vilivyosimikwa, macho yakitazama mbele wala si miguuni. Kisha wawili wawili: mmoja akimbie, wa pili amfuate kama kivuli. Baada ya hayo kila mtoto achomeke kitambaa kiunoni kama mkia, na mwenzake ajaribu kukinyakua. Hapo hakuna kusukumana wala kushikana nguo. Mpira uje mwisho kabisa.

Chenga yenyewe ina mambo machache. Mtoto apunguze mwendo, akunje magoti, akanyage kwa nguvu upande asiokusudia kwenda, bega likiinama huko. Beki akishauegemea upande ule, ajisukume kwa mguu huo huo aende upande wa pili, tena kwa kasi. Umbali ni kama hatua mbili. Akiwa karibu zaidi atagongwa, na akiwa mbali hamdanganyi mtu. Beki naye afundishwe kutazama kiuno cha mwenzake, kwa kuwa macho na mabega husema uongo.

Haya si mageni. Katika mchezo wa kati, ambao wenzetu wa Tanzania huuita rede, wawili hurusha mpira na aliye katikati huukwepa. Wasichana huucheza kwa ustadi kuliko wavulana, nasi twataka kiwanja kiwe chao pia. (Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, mipira hiyo yafaa ishonwe kwa matambara.) Tena mtaala wa umilisi, ulioanza katika madarasa ya chini mwaka 2019, umeyapa mazoezi ya mwili nafasi yake, ingawa mara nyingi saa hiyo huibwa na hesabu. Na vijana wetu wa raga walipoifunga Fiji 30 kwa 7 huko Singapore, mwezi wa Aprili 2016, hawakuwashinda watu wale kwa ukubwa wa miili.

Kuhusu fedha, hatufichi: kodi ya malisho itapotea, na mweka hazina ana haki ya kununa. Lakini barabarani watoto hawawezi kuchezea, kwa sababu ya malori, na uwanja wa shule huchukuliwa na wakubwa.

Udongo wetu wa majivu ya mlima ni laini kwa aangukaye, ila alasiri upepo huutimua vumbi. Kwa hiyo twaomba saa za asubuhi, vitambaa arobaini, chokaa ya kuchorea mistari, na mtu wa kuondoa miiba ya migunga kabla shule hazijafunguliwa.