Mbele ya kuformate, tuambiwe kwanza: shida ni nini?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana mu kikao cha Jumamosi



Leo hatutazungumza juu ya barabara wala juu ya maji. Tutazungumza juu ya kitu chenye karibu kila mmoja wetu ako nacho mu begi ao mu mfuko: ordinateri na telefone. Na zaidi, juu ya majibu tunayopewa siku ile kitu inagoma.

Majibu yenyewe tunayajua kwa kichwa. «Zima, washa.» «Iko na virusi.» «Tutaformate tu.» Unamuuliza fundi: mashini iko na shida gani? Anakujibu: iache hapa, utarudia kesho. Kesho yake mashini inawaka, iko safi kama mpya, unalipa. Lakini TFC yako haimo tena. Picha za marehemu mama hazimo. Hesabu za duka za miaka mitatu hazimo. Ukiuliza, unaambiwa: «Si ulitaka itembee?»

Hapana, wandugu. Mtu hapeleki mashini kwa fundi juu anapenda kuona taa inawaka. Anaipeleka juu ya kazi yake yenye iko ndani. Kama kazi imepotea, mashini haikutengenezwa.

Neno letu la leo ni hili: shauri lenye halianzi na swali si msaada. Tuangalie mifano yenye sote tumeishi.

Wa kwanza ni kle ya USB. Unaiingiza mu mashini ya cyber ao ya kwa kuchapishia, unarudi nyumbani, unafungua: faili zote zimegeuka ikone ndogo zenye mshale. Ukibonyeza, hakuna kitu. Fundi anasema: faili zimekufa, tuformate. Lakini mara nyingi hazikufa! Ile virusi inaficha faili zako tu, halafu inaweka mishale pahali pake ili ukibonyeza uipeleke na mu mashini ingine.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Bonyeza kle na kitufe cha kuume, ingia mu «Propriétés». Kama kle inaonekana tupu lakini nafasi imejaa, faili ziko mule. Kwa mashini yenye haina virusi, fungua dirisha nyeusi la amri, na kama kle iko na herufi E, andika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* halafu bonyeza «Entrée». Faili zinaonekana tena, mara ingine ndani ya folda yenye haina jina. Nakili kazi yako pahali pengine, futa ile mishale. Sasa njo unaweza kuformate kle kama unapenda. Na ile mashini yenye ilikupa virusi isafishwe pia, bila hivyo utarudi paka pale pale. Hiyo yote ni kazi ya dakika kumi. Kuna watu wamerudilia mwaka mzima wa masomo juu hakuna mtu aliyefanya hiyo kazi ya dakika kumi.

Na kama wamekwisha kuformate? Usilie upesi, na usiandike kitu kipya juu yake. Kuformate kwa haraka kunafuta orodha ya faili; faili zenyewe zinaweza kubakia mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kuko programu za bure kama PhotoRec zenye zinajaribu kuzitafuta. Si kila mara inawezekana, na kwa disiki za SSD ni vigumu zaidi. Lakini ile siku ya kwanza ndiyo siku ya kujaribu. Fundi mwenye anakuambia «imeisha» bila kujaribu, hakukusaidia.

Mfano wa pili: «zima, washa». Hatulicheki hili shauri. Linasaidia mara nyingi, juu linaondoa yote yenye ilikuwa imejaa mu kumbukumbu ya mashini. Lakini lina siri yenye hawakuambii. Tangu Windows 8, ukibonyeza «Arrêter», mara nyingi mashini haizimi kabisa: inahifadhi sehemu ya hali yake kwa disiki ili kesho iwake upesi. Kwa hiyo na kosa linaweza kulala pamoja nayo na kuamka pamoja nayo. Ukibonyeza «Redémarrer», hapo inaanza upya kweli. Umezima mara tano, shida imebaki, na yule wa kwa simu anakuambia uzime mara ya sita. Neno moja tu lilikosekana.

Wa tatu: «Hii mashini ni nzito, imezeeka, nunua ingine.» Nunua na pesa gani? Mbele ya kununua, bonyeza Ctrl, Maj na Échap pamoja. Dirisha linafunguka lenye linaonyesha nani anakula nguvu ya mashini. Kama disiki iko kwa 100% wakati wewe haufanye kitu, pengine shida ni disiki ya zamani yenye inazunguka. Kubadilisha disiki hiyo na kuweka SSD, mashini ya zamani inaweza kufanya kazi tena miaka. Bei yake ni ndogo sana kuliko ya mashini mpya.

Na telefone yenye imeingia maji, kila mtu anasema: weka mu mchele. Mu mwaka 2024, Apple yenyewe iliandika wazi kwamba usiweke iPhone mu mfuko wa mchele, juu chembe ndogo zinaweza kuiharibu. Izime, usiichaji, iache ikauke pahali penye hewa inapita. Mchele, tuukule.

Sasa, wandugu, tusigeuke adui wa mafundi. Wengi ni vijana kama sisi, wamejifunza peke yao, kwa meza ndogo kando ya barabara, courant inaenda na kurudi. Kuformate kunalipwa bei yenye inajulikana. Kutafuta shida saa mbili, mteja hapendi kulipia. Na yule anayekujibu kwa simu ya kampuni, mbele yake kuko karatasi yenye maswali na majibu, na dakika zake zinahesabiwa. Anapimwa kwa simu ngapi amemaliza, si kwa shida ngapi zimeisha. Ndiyo maana unasikia muziki, uniti zinapungua, halafu unaambiwa kuanza upya. Ubaya uko mu namna kazi imepangwa: wanalipwa kwa kumaliza, hawalipwi kwa kuelewa.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya, na tunayaomba kwa sauti.

Kwa mafundi: mbele ya kuformate, uliza mteja «mule ndani kuko nini?» Mwambie shida umeiona wapi. Nakili kazi yake kwanza. Kama haiwezekani, mwambie mbele, si kisha. Na kazi ya kutafuta shida, itie bei yake wazi. Sisi tutajifunza kuilipa.

Kwa makampuni yenye yanatuuzia mashini, uniti na mega: mtuwekee watu wenye wana ruhusa ya kusikiliza. Shida yenye imeletwa mara tatu isirudie tena kwa swali la kwanza. Na mtujibu mu luga yenye mama wa sokoni anaelewa.

Kwetu sisi wenyewe: tusiseme tu «mashini imekufa». Tuseme imeanza siku gani, tulikuwa tunafanya nini, courant ilikatika ao hapana. Ujumbe wenye umeandikwa kwa ekra, tuupige picha mbele ya kuufunga. Mara nyingi jibu limeandikwa pale. Na kazi yenye ni ya maana iwe na nakala mbili, moja isilale mu nyumba moja na mashini.

Mwisho: anayejua afundishe mwenzake. Mwenye amesikia leo ile amri ya attrib, kesho aionyeshe watu wawili kwa chuo ao kwa kartie. Hatutangoja mtu atoke mbali kuja kutufundisha kuuliza.

Na siku utaambiwa tena «tutaformate tu», weka mkono juu ya mashini yako, useme kwa heshima: «Kaka, kwanza niambie shida ni nini.» Kama hana jibu, chukua mashini yako, uende kwa mwengine. Ni haki yako.