Ulimi na Sheria



Nimeombwa niseme machache juu ya sheria. Nimechagua jambo linalotugusa sisi wa Handeni na Korogwe: maneno ya chuki.

Kwetu wapo wakulima na wafugaji. Tangu Juni 2022, kijiji cha Msomera, Handeni, kimepokea pia familia kutoka Ngorongoro. Ng'ombe wakiingia katika mahindi, maneno hayakosekani. Je, neno lipi ni kosa?

Anayesema, "Ng'ombe wa fulani wamekula shamba langu, anilipe," hana kosa; anadai haki yake. Lakini anayesema, "Kabila lile lote ni wezi, tuwafukuze," ameacha shauri la shamba, anagombanisha watu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 63B katika toleo la 2019, inaweka kifungo cha miezi 12 kwa mtu atoaye, kwa madhumuni yasiyo halali, maneno yanayoelekea kuleta uhasama kati ya makundi ya watu. Wenzetu wa Kenya, baada ya umwagaji damu wa 2007 na 2008, walitunga sheria yenye kifungo cha hadi miaka 3.

Wala msiseme ni maneno tu. Mwaka 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani watu 3 wa redio na gazeti kwa kuchochea mauaji ya 1994.

Vijana, kabla ya kutuma ujumbe kwa simu, jiulizeni: namtaja mkosaji, au nalitaja kabila? Mkosaji apelekwe kwa mtendaji wa kijiji, au mahakamani. Kabila zima halishtakiwi.