Ufunguo wa Bweni



Nilikuwa nimejiandaa kuwasimulia historia ya usalama shuleni tangu mkasa wa shule ya St Kizito, hapa Kenya, wa 1991. Nimeiweka kando. Wengi wenu mnaijua, na wasioijua wataikuta maktaba. Kilichonigeuza nia ni karatasi. Mwezi uliopita, kwenye warsha ya walimu wakuu, mtoa mada alitugawia fomu ya kurasa 2 ya kumtambua "mwanafunzi hatari". Analelewa na mzazi mmoja: alama 2. Amehamishwa kutoka shule nyingine: alama 3. Mkimya darasani: alama 1. Akifikisha 10, sanduku lake lipekuliwe kila wiki. Nilijijazia mwenyewe, jinsi nilivyokuwa kidato cha tatu. Nikapata 11.

Niliposema hivyo ukumbi ulicheka. Sikuwa nachekesha.

Imani iliyo nyuma ya fomu ile ni kwamba tishio lina sura ya mtu, na ukimjua mapema umeuzima moto kabla haujawashwa. Imani hiyo ina mvuto wake. Inampa mwalimu mkuu kazi ya kufanya Jumatatu asubuhi bila kuiomba bodi hata senti. Tena tuliambiwa ni sayansi, imetoka Marekani. Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia.

Mwaka 2002 Secret Service, wale wanaomlinda rais wa Marekani, pamoja na Wizara ya Elimu ya huko, walichapisha uchunguzi wa mashambulizi 37 yaliyotokea shuleni kati ya 1974 na 2000. Kama kuna watu waliokuwa na hamu ya kuipata sura ya mshambuliaji, ni hao. Hawakuipata. Wengine walikuwa vinara wa darasa, wengine wa mkia. Wengine wapweke, wengine marafiki tele. Walichokipata ni kingine kabisa: katika zaidi ya robo tatu ya mashambulizi hayo, kulikuwa na mtu aliyejua kabla, na mara nyingi alikuwa mwanafunzi mwenzake. Wakahitimisha kwamba usiulize mtoto huyu ni wa aina gani. Uliza anapanga nini, amefika wapi, na nani amemsikia. Hiyo ndiyo tathmini ya tishio. Fomu ya warsha ilichukua jina, kazi ikaiacha huko huko.

Halafu kuna madhara ambayo mtoa mada hakuyataja. Bwenini hakuna siri: kila mtu anajua sanduku la nani hupekuliwa. Mtoto akisikia habari za petroli zikinong'onwa baada ya taa kuzimwa, atajiuliza kwanza kama akisema ataandikwa na yeye. Atajifunika blanketi. Fomu iliyokusudiwa kutupa macho imetuziba masikio, na masikio ndiyo pekee ambayo Wamarekani wenyewe walituthibitishia kuwa yanafaa.

Lakini hata masikio si hoja yangu. Hoja yangu ni mlango.

Bombolulu, huko Pwani, Machi 1998: wasichana 26 waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67. Moto uliwashwa kwa petroli, na wanafunzi wawili walishtakiwa; sipingi hilo. Bweni lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa na kufuli. Madirisha, vyuma. Sasa vukeni mpaka hadi Tanzania. Shauritanga, Rombo, 1994: zaidi ya wasichana 40, chanzo mshumaa. Idodi, Iringa, 2009: wasichana 12, mshumaa tena. Mshumaa ungepata alama ngapi kwenye fomu?

Niruhusuni nikae kidogo kwenye kitabu ninachokipenda. Wizara yetu ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni mwaka 2008. Nakala yangu imeshatoka jalada. Hauna ufasaha wowote, na ndiyo maana naupenda: ni vipimo tu. Mlango wa bweni uwe na upana wa futi 5 na ufunguke kwa nje. Kati ya kitanda na kitanda, mita 1.2, ujia, mita 2. (Mwandishi alianza kwa futi akamalizia kwa mita, nadhani kamati ilibadilishana zamu baada ya chakula cha mchana.) Mlango kila mwisho wa bweni, na wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na vyuma. Mlango usifungwe kwa nje wakati wowote watoto wakiwa ndani. Soma tena sentensi hiyo. Haiulizi ni nani atawasha moto, wala kama amelelewa na mzazi mmoja. Inachukulia kwamba siku moja moto utawaka, kisha inauliza mtoto wa kitanda cha mwisho atatokea wapi.

Mnaweza kusema ni rahisi kwangu kuzungumza. Si rahisi. Kabla sijaja chuoni nilikuwa mwalimu wa bweni kwa miaka miwili. Saa nne usiku nilikuwa nafunga kufuli la shaba, vijana 60 wakiwa ndani, kwa sababu wakiachwa wazi walikuwa wanaruka ua kwenda disko sokoni. Mwalimu mkuu alinisifu kwa utulivu wa bweni langu. Usiku mmoja nilikwenda matangani kijiji cha pili. Karibu na alfajiri, kando ya moto wa waombolezaji, nilitia mkono mfukoni kutafuta kiberiti niwashe sigara. Nikagusa ufunguo. Nilirudi mbio kilomita 4 gizani. Walikuwa wamelala wote. Sikumwambia mtu.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Nyeri, 1999: viranja wanne walifungiwa kwenye chumba chao, wakamwagiwa petroli. Pale kulikuwa na mikono iliyokusudia, na upana wa mlango usingewaokoa. Nakubali, na nimekesha na kisa hicho zaidi ya vyote. Hata hivyo naona kwamba hata wauaji hao walijua waanzie wapi: walifunga mlango. Elizabeth Cooper naye, katika kitabu chake *Burning Ambition* cha 2022, anaonyesha kwamba wanafunzi wetu huchoma kwa sababu wameona uchomaji unasikilizwa pale barua isiposikilizwa. Ana hoja nzito, na wanaoililia fimbo wangemsoma kwanza. Mimi nasema tu: wasikilizwe, na wakati tunajifunza kuwasikiliza, kufuli litoke.

Septemba 2024, Hillside Endarasha, Nyeri: wavulana 21, katika bweni lililolaza zaidi ya 150. Novemba mwaka huo huo Wizara ikaamuru shule 348 za msingi zifunge mabweni. Mwongozo ulikuwa na miaka 16. Futi kamba ingetosha.

Yangu huwa naibeba mfukoni. Juzi niliingia nayo katika shule moja, nisiyoitaja, ambayo mwalimu mkuu wake alinionyesha kwa fahari kamera 16 mpya. Bweni lilikuwa safi, na mlango wa dharura umeandikwa kwa rangi nyekundu. Nikaomba nifunguliwe. Bawabu akamwita matroni, matroni akampigia mtunza stoo, mtunza stoo alikuwa sokoni. Tulisubiri dakika 23. Mwalimu mkuu, ili nisichoke, akatoa simu yake na kunionyesha jinsi picha zilivyo angavu: sisi wanne, kwa mgongo, tumesimama mbele ya mlango.