Safu Moja ya Magharibi Inatosha



Leo nataka tuongee kuhusu haki ambayo hatuitaji sana tukikaa msikitini. Hebu toa simu yako. Ile programu ya nyakati za swala uliipata Play Store, sivyo? Sasa jiulize: ni nani aliyeiruhusu iingie pale?

Chukua mfano wa kijana wa hapa Zombe aliyejifunza mwenyewe kutengeneza programu. Ametengeneza moja ya kusomesha watoto dini kwa Kikamba. Google inataka dola 25 za usajili, zaidi ya shilingi 3,000. Sawa, atajinyima. Akitaka iingie na kwenye simu za Apple, ni dola 99 kila mwaka. Kisha kuna kizuizi ambacho wengi hawakijui. Akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 haitoi programu kwa umma mpaka watu waijaribu siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa watu 20, baadaye wakapunguzwa hadi 12. Akaunti za makampuni haziwekewi sharti hilo. Mwenye ofisi anapita, wa peke yake anasubiri.

Na hata ukishaingia, hujamaliza. Oktoba 2021, Apple iliiondoa Quran Majeed kwenye duka lake la China, kwa sababu wakuu wa huko walitaka vibali zaidi. Programu iliyokuwa inatumiwa na mamilioni duniani! Ikiwa wao waliondolewa hivyo, kijana wa Zombe akiondolewa kimakosa atalia wapi? Rufaa yake anampelekea yule yule aliyemhukumu.

Sisemi kila sharti ni dhuluma, la. Sote tunazijua zile programu za mikopo zilizokuwa zikipigia jamaa zako simu kukuaibisha. Tangu 2023, Google inazitaka zionyeshe kibali cha Benki Kuu ya Kenya. Hilo ni jema. Tunachodai ni uadilifu: ukikataliwa uambiwe sababu waziwazi, na rufaa yako isomwe na binadamu. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza mwenye nguvu sokoni kuitumia vibaya, na mwananchi yeyote anaweza kupeleka lalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani. Kwa hivyo ukionewa, weka kila barua pepe. Usifute.

Lakini kabla hatujafika Nairobi, tuanze hapa. Watu 12 ni wangapi? Ni safu moja ya swala ya Magharibi! Ndugu yako akikutumia mwaliko wa kujaribu programu yake, ukubali, uiweke kwenye simu, usijitoe kabla ya siku 14, na umwambie kasoro zake. Bando kidogo tu, na umemfungulia mwenzako mlango wa rizki.