Kwa Nini Figo ya Ndugu Inaweza Kukataliwa

Msikilizaji, wengi huamini kuwa ndugu wa damu lazima wafanane hadi ndani ya figo. Sivyo. Juu ya karibu kila seli ya mwili zimesimama protini ziitwazo HLA, zinazotokana na jeni za kromosomu namba 6. Kila protini ina kijibonde kinachoshika kipande kidogo cha kilichomo ndani ya seli, kama mchuuzi anayemwonyesha mnunuzi punje za mchele kiganjani. Seli za ulinzi hupita zikikagua. Zikikuta kipande cha virusi, huiua seli hiyo; na zikikuta HLA ngeni, kama za figo ya mtu mwingine, huzishambulia pia. Mtoto hurithi fungu moja la jeni hizo za HLA kwa baba, jingine kwa mama; hivyo ndugu wawili wa baba na mama mmoja wana nafasi 1 tu kati ya 4 ya kulingana kikamilifu.

Utauliza: basi tofauti hizi zina faida gani? Kwa mgonjwa anayengoja figo ni kikwazo, tena kichungu. Lakini HLA hazikuumbwa kwa ajili ya upasuaji. Utafiti wa Gambia uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa watoto wenye aina ya HLA-B53 walikingika zaidi dhidi ya malaria kali. Tungekuwa na aina moja sote, kirusi kimoja kilichojua kujificha kingeweza kutuangamiza wengi. Na kutolingana si mwisho wa safari: kwa dawa za kupunguza makali ya kinga, hata figo ya mke au rafiki inaweza kufaa.