Kompyuta Inapomkataa Mtumishi: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kumwita Fundi

Hotuba kwa maafisa wa rekodi za afya na wasaidizi wa kompyuta katika vituo vya Migori na Homa Bay



Utafiti wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Homa Bay ilikuwa na kiwango cha maambukizi ya Virusi vya Ukimwi cha asilimia 19.6 miongoni mwa watu wazima, na Migori asilimia 13.0. Nyuma ya hesabu hizo kuna watu wanaofuata dawa kliniki mwaka mzima. Wengine huvuka ziwa kwa mashua kutoka Mfangano hadi Mbita, wengine hupanda matatu kutoka Muhuru Bay. Rekodi zao ziko ndani ya KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS na kuanza kutumika nchini mwaka 2012. Karani akishindwa kuingia kwenye mfumo, foleni husimama, na mgonjwa aliyekopa nauli huenda akarudi nyumbani bila kuhudumiwa.

Seva za KenyaEMR huendeshwa na Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 kwa kufuata mwenendo wa Unix, iliyoanza mwaka 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani. Mifumo ya ukoo huu inajua kwamba mashine moja hutumiwa na watu wengi. Kwa hiyo kila mtu hupewa jina lake, nywila yake, folda yake na mipaka yake.

Jambo la kwanza ni kujua ni mlango upi uliofungwa. Kituoni kuna milango miwili. Mmoja ni wa mashine yenyewe, yaani akaunti ya Linux. Wa pili ni wa programu, yaani akaunti ya KenyaEMR inayofunguliwa kwenye kivinjari. Akaunti hizi hazijuani. Kubadilisha nywila ya Linux hakumsaidii muuguzi aliyekwama kwenye KenyaEMR. Huyo hushughulikiwa na msimamizi wa mfumo akiwa ndani ya programu. Aliyekosea nywila mara nyingi hufungiwa kwa muda, na kuendelea kubahatisha hakumfungulii.

Ikiwa mlango uliokwama ni wa Linux, ukaguzi uanze na kibodi. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo: "Akinyi" na "akinyi" ni watu wawili. Kitufe cha herufi kubwa kikiwa kimewashwa, nywila sahihi hugeuka kuwa makosa. Akaunti zifunguliwe kwa herufi ndogo, bila nafasi katikati, na jina lisianze kwa tarakimu.

Akaunti mpya ikikataa, sababu mara nyingi iko kwenye namna ilivyofunguliwa. Ubuntu ina amri mbili zinazofanana kwa jina. Amri ya "sudo adduser akinyi" humuuliza msimamizi nywila na kumtengenezea mtumiaji folda ya /home/akinyi. Amri ya "sudo useradd akinyi", ikiandikwa hivyo bila nyongeza, haitengenezi folda hiyo wala haiweki nywila. Akaunti ipo, lakini imefungwa. Msimamizi huona jina kwenye orodha akadhani kazi imekwisha, naye karani hukataliwa siku nzima.

Hapo maswali machache hutoa jibu. Amri ya "id akinyi" huonyesha kama akaunti ipo. Amri ya "sudo passwd -S akinyi" huonyesha hali ya nywila: P ni kwamba nywila ipo, L ni kwamba imefungwa, na NP ni kwamba haipo. Palipo na L kwenye akaunti mpya, dawa ni "sudo passwd akinyi", kisha mwenyewe aandike nywila yake bila mtu mwingine kuchungulia.

Amri ya "getent passwd akinyi" huonyesha mstari wa akaunti hiyo. Mwishoni mwa mstari kuna programu inayompokea mtumiaji anapoingia. Pakiandikwa /usr/sbin/nologin au /bin/false, mashine humrudisha hata nywila ikiwa sahihi. Kama ni mtu anayestahili kuingia, hurekebishwa kwa "sudo usermod -s /bin/bash akinyi". Akaunti za programu kama hifadhidata zimewekwa hivyo kwa makusudi, na ziachwe zilivyo.

Akaunti ya zamani iliyofanya kazi hadi jana ina ukaguzi wake. Amri ya "sudo chage -l akinyi" huonyesha kama akaunti au nywila imepita muda. Amri ya "date" nayo isisahauliwe, kwa sababu saa ya mashine ikiruka mbele, nywila yenye kikomo huonekana imekwisha. Nywila ikikubaliwa kisha skrini ikarudi palepale pa kuingilia, kosa huenda liko kwenye diski au kwenye folda. Amri ya "df -h" huonyesha kama diski imejaa, na "ls -ld /home/akinyi" huonyesha mwenye folda. Ikiwa folda ni ya root, hurudishwa kwa mwenyewe kwa "sudo chown -R akinyi: /home/akinyi". Yote yakishindikana, faili ya /var/log/auth.log huandika kila jaribio na sababu ya kukataliwa. Fundi akipigiwa simu akasomewa mistari michache ya mwisho, huenda asihitaji kusafiri.

Tahadhari moja ni ya wasimamizi. Anayemwongeza mtu kwenye kundi atumie "usermod -aG". Akisahau herufi "a", mtu huyo huondolewa kwenye makundi mengine yote aliyoongezwa. Msimamizi akijifanyia hivyo mwenyewe, hupoteza mamlaka ya sudo papo hapo atakapoingia tena. Ndiyo maana kituo kiwe na wasimamizi wawili.

Kuna dawa moja ambayo ni sumu: kuazimana nywila. Foleni ikiwa ndefu, ni rahisi kumwambia mwenzako atumie yako. Lakini rekodi ikibadilishwa, dozi ikiandikwa vibaya au hali ya mgonjwa ikivuja hadi sokoni, mfumo utataja jina lako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inafanya kuingia kwenye mfumo bila ruhusa kuwa kosa. Ikumbukwe pia kwamba Linux haihifadhi nywila kama ilivyoandikwa. Huhifadhi alama yake iliyofumbwa katika /etc/shadow. Msimamizi hawezi kuisoma, anaweza tu kuweka mpya. Basi yeyote anayedai kwamba kazi yake inamhitaji kuijua nywila ya mtu, asipewe.

Mwisho, mtumishi akihamishwa au mkataba wake ukiisha, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo kwa "sudo usermod -L -e 1 akinyi", na ile ya KenyaEMR izimwe pia. Isifutwe, maana kazi aliyoiandika bado ni sehemu ya historia ya wagonjwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kila kituo kinaombwa kubandika ukaguzi huu karibu na seva: mlango upi, herufi, hali ya nywila, muda, diski, folda, kumbukumbu. Anayeufuata kwa mpangilio atajua la kumwambia fundi, na daftari la karatasi litumike wakati huo ili mgonjwa asikose dawa yake.