Kuvu na Matangi: Habari ya Penisilini
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Halmashauri imeniagiza niseme juu ya maendeleo ya utafiti katika utabibu na katika uhandisi wa viwanda. Mambo hayo ni bahari, nami nimepewa muda wa kikombe kimoja cha chai; kwa hiyo nimechagua dawa moja tu, ambayo wengi wetu humu ukumbini tumepata kudungwa, nayo ni penisilini. Nimeichagua kwa makusudi, kwa sababu alasiri hii tutaombwa kukipitisha kifungu kisemacho kwamba Mfuko wa Elimu wa chama chetu uwasaidie vijana wanaosomea udaktari peke yao.

Mwanzo wa habari hii wajulikana. Mwezi wa Septemba 1928, katika Hospitali ya St Mary's mjini London, Alexander Fleming aliona kuvu imeota katika kisahani alimokuwa akioteshea vijidudu, na kandokando ya kuvu ile vijidudu vimekufa. Akaandika habari zake mwaka wa 1929. Watu husimulia kana kwamba kisa kinaishia hapo. Lakini Fleming hakuweza kuitenga dawa ile ikawa safi, na kwa muda wa miaka kumi hivi ilibaki kuwa jambo la kusomwa vitabuni zaidi kuliko dawa ya wagonjwa.

Walioifufua ni Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley wa Chuo Kikuu cha Oxford. Tarehe 25 Mei 1940 waliwatia panya 8 vijidudu vya kuua. Wanne wakapewa penisilini, wanne wasipewe. Kulipokucha, wasiopewa walikuwa wamekufa wote, na waliopewa walikuwa hai. Mwezi wa Februari 1941 wakamjaribia askari polisi mmoja aliyejaa majipu ya usaha, ambaye hata jicho lake moja lilikuwa limekwisha kutolewa. Kwa siku chache homa ikashuka, akaanza kula. Kisha dawa ikaisha. Wakaukusanya mkojo wake, wakaichuja dawa iliyotoka humo na kumdunga tena, nayo ikaisha. Akafariki tarehe 15 Machi 1941.

Nawaomba wazee wakitafakari kifo hicho. Madaktari walikuwa mabingwa, ugonjwa ulijulikana, dawa ilijulikana, na mgonjwa alikwisha anza kupona. Kilichopungua ni wingi wa dawa tu. Kule Oxford kuvu ilioteshwa juu ya maji katika vyombo vya udongo vilivyofanana na vile wanavyopelekewa wagonjwa kitandani kwa haja zao, na kwa njia hiyo mgonjwa huyo mmoja hakutoshelezwa.

Mwezi wa Julai 1941 Florey na Heatley wakasafiri kwenda Marekani, wakafika katika maabara ya Wizara ya Kilimo mjini Peoria, jimbo la Illinois, nchi ya mahindi. Viwanda vya wanga huko hubakiza maji mazito yaliyolowekewa mahindi. Kuvu ilipooteshwa katika maji hayo ilitoa penisilini mara kumi hivi. (Sisi walaji wa ugali tunaruhusiwa kujivuna kidogo.) Mwaka wa 1943 ikapatikana kuvu bora zaidi, juu ya tikiti lililooza la sokoni.

Kazi iliyosalia haikuwa ya daktari tena. Kuvu huhitaji hewa, ndiyo sababu ilikuwa ikioteshwa usoni pa maji. Ili iote ndani ya tangi lenye kina, hewa yapasa kusukumwa kutoka chini, tena hewa iliyosafishwa, maana vijidudu vichache vya nje vyaweza kuliharibu tangi zima. Maji yapasa kukorogwa usiku na mchana, na yakikorogwa hufanya povu. Kuvu ikiota hutoa joto, na joto likizidi hasara huingia. Basi tangi lipozwe. Mwisho penisilini itolewe upesi na katika baridi, kisha ikaushwe iwe unga. Shida hizo ziliondolewa kwa pampu, mabomba, vali na hesabu. Kampuni ya Pfizer, iliyokuwa na mazoea ya kutengeneza asidi ya ndimu kwa kuvu, ilikigeuza kiwanda cha barafu huko Brooklyn, na tarehe 1 Machi 1944 ikaanza kazi kwa matangi 14, kila moja la lita 28,000 hivi. Miongoni mwa wahandisi waliosanifu viwanda vya dawa hii alikuwamo mwanamke, Margaret Hutchinson Rousseau, ambaye mwaka wa 1945 alikuwa wa kwanza wa jinsia yake kukubaliwa katika chama cha wahandisi wa kemia cha Marekani. Akina mama mlioketi nyuma, sogeeni mbele kidogo.

Mwezi wa Juni 1942 penisilini yote ya Marekani ilitosha wagonjwa 10 hivi. Miaka miwili baadaye, majeshi yalipoteremka pwani ya Normandy, zilikuwa zimetayarishwa dozi milioni 2.3. Baada ya vita ikafika hata kwa watoto wenye buba, ambao sindano moja iliwatosha. Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945, wahandisi hawakuwamo. Sisemi walidhulumiwa, bali ndivyo macho ya watu yaangaliavyo, na kifungu chetu kimeandikwa kwa macho hayohayo.

Nimesikia hoja kwamba daktari hurudi kijijini, lakini mhandisi hubaki Nairobi kwa tajiri wake. Hoja hiyo ina uzito. Basi sharti la kurudi kutumikia watu wa kwetu liwekwe kwa wote wawili, maana madaktari nao wako waliokwenda wasirudi. Tena mashine ya oksijeni ikinyamaza wodini, daktari humngoja fundi. Na Chuo cha KMTC kinafundisha uhandisi wa vifaa vya tiba.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta badiliko: mahali palipoandikwa "masomo ya udaktari" pasomwe "masomo ya udaktari, uuguzi, na uhandisi wa aina yoyote". Naomba mwanachama mwingine aniunge mkono ili lipigiwe kura kabla ya hesabu za Mweka Hazina.